Gego lililovunjika: kuziba, kutibu mzizi, kuvisha kofia au kung'oa? Uchambuzi wa kisa kimoja cha Pemba

Mgonjwa ni mwalimu wa skuli, mwanamke wa miaka 41, mkaazi wa Wete. Kisa ni cha mfano, kimeundwa kwa mambo yanayokutikana mara kwa mara kwenye vyumba vya meno, lakini vipimo na hatua zilizotajwa ni zile zile zinazofanyika kwa mgonjwa wa kweli.

Gego lake la kwanza la chini, upande wa kulia, namba 46 kwenye karatasi ya daktari, lilizibwa kwa amalgamu, kizibo cha rangi ya fedha, zaidi ya miaka kumi nyuma. Miezi miwili kabla ya kufika aliuma kokwa ya tende, pembe ya jino upande wa ulimi ikabanduka. Tangu hapo maji baridi yakawa yanamchoma. Hakushughulika, kwa kuwa maumivu yalikuwa yakija na kuondoka. Kisha zikaja siku tatu za kukesha: jino linapwita lenyewe bila kuguswa, akilala linazidi, sikio na shavu navyo vinauma. Akatia karafuu. Akanunua antibayotiki ya amoksilini duka la dawa, akameza siku mbili. Siku ya nne akapanda boti kuja Unguja mjini, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Daktari, ling'oe tu yaishe. Ramadhani hiyo inakuja."

Karafuu haikumdanganya. Mafuta yake yamejaa eujenoli, dawa ile ile inayokorogwa na unga wa oksidi ya zinki kupata kizibo cha muda, chenye harufu ambayo kwa Mpemba ni ya nyumbani. Hutuliza kiini cha jino kwa saa chache. Lakini haiondoi uozo, na mafuta matupu yakigusa fizi huiunguza. Mwalimu alikuja na kidonda cheupe kwenye fizi ya upande wa shavu kwa sababu hiyo. Tena eujenoli iliyobaki ndani ya tobo huzuia kompositi, dawa nyeupe ya kuzibia, isigande sawasawa, kwa hiyo anayetumia amwambie daktari ili kuta zisafishwe vizuri kabla ya kuziba. Mwenye kulazimika kutumia atie tone moja kwenye kipamba kidogo, akiweke ndani ya tobo tu, asikisugue kwenye fizi.

Amoksilini ni habari nyingine. Kiini, ambacho wengi hukiita mshipa wa jino, kimefungiwa ndani ya chumba chenye kuta ngumu. Kikivimba hakina pa kutanukia, na shinikizo hilo ndilo linalomfanya mtu akeshe. Antibayotiki haiondoi shinikizo hilo, hata mtu ameze kopo zima. Kazi yake ni pale maambukizo yanapotoka nje ya jino na kuenea: uso kuvimba, homa, tezi za shingo kuuma. Na hata hapo inasindikiza tu. Jino lenyewe lazima lifunguliwe au ling'olewe. Mtu mwenye uvimbe chini ya taya, anayeshindwa kufungua kinywa, anayemeza au kupumua kwa taabu, asisubiri boti ya kesho. Aende hospitali iliyo karibu, Wete, Chake Chake au Mkoani, siku ile ile.

Uchunguzi

Shinikizo la damu 138/86, sukari ya kawaida, hana mzio wa dawa, si mjamzito. Kipamba kilichopulizwa dawa ya baridi kiliwekwa kwanza kwenye meno jirani: baridi ikasikika na kupotea ndani ya sekunde tatu. Kwenye gego lenye tatizo maumivu yalilipuka na yakaendelea zaidi ya sekunde 30 baada ya pamba kuondolewa. Muda huo wa kubaki kwa maumivu una uzito kuliko ukali wake. Kugonga kwa mpini wa kioo kuliuma kidogo. Kijiti cha kupimia fizi kilizama milimita 2 hadi 3 pande zote, yaani kawaida. Kingezama ghafla milimita 7 au 8 mahali pamoja pembamba, ingekuwa ishara ya mzizi uliopasuka na mazungumzo yote yangebadilika. Eksirei ilionyesha uozo chini ya amalgamu ya zamani ukigusa kiini, mizizi miwili mizima, mfupa katika kimo kizuri.

Jina la hali hii ni uvimbe wa kiini usiotarajiwa kurudi nyuma, yaani kiini hakitarajiwi kupona chenyewe, na maumivu yameanza kufika kwenye ncha za mizizi.

Kinywa kizima nacho kina la kusema. Upande wa kushoto juu alishang'olewa gego, kwa hiyo kutafuna kwake kote kuko kulia. Meno mawili yanayopakana na gego hili bovu ni mazima, hayajaguswa na mashine hata siku moja. Mambo haya mawili yalikuwa na uzito mkubwa katika uamuzi kuliko maumivu yenyewe.

Kipimo kinachoamua

Watu huanza na bei. Daktari mzuri huanza na milimita. Uozo wote na amalgamu ya zamani viliondolewa kwanza, kwa ganzi itakayosimuliwa mbele, na ndipo ikapimwa sehemu ya jino zima iliyobaki juu ya fizi: upande wa shavu milimita 4, ulimi milimita 2, nyuma milimita 2, mbele milimita 1 tu. Kofia, yaani ganda gumu linalofunika jino lote juu, inahitaji ukingo wa jino lenyewe wa milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka ili ilikumbatie, kama pete ya chuma inavyoshika mpini wa jembe usipasuke. Ikikosa ukingo huo inashika dawa ya kujengea tu, na baada ya mwaka au miwili itang'oka na kipande cha jino ndani yake. Hapa upande wa mbele ulipungua, lakini shavu na ulimi, zinazobeba mzigo wa kutafuna, zilitosha. Sakafu ya chumba cha kiini ilikaguliwa kwa taa na kioo: hakuna ufa. Jino lina maisha.

Kama ufa ungekuwa umekata sakafu toka mbele hadi nyuma, jibu lingekuwa kung'oa, na fedha yoyote ya mzizi ingekuwa imetupwa baharini. Ndiyo maana kizibo cha zamani hutolewa kabla ya kuahidi lolote.

Njia zilizokuwepo

Kuziba peke yake kuliondoka mezani mapema. Kizibo ni cha jino ambalo kiini chake bado kizima. Kwa tobo dogo la upande mmoja, glasi-ayonoma, aina ya saruji ya kuzibia, inafaa sana: inashika hata pakiwa na unyevu kidogo, inatoa floraidi, na inaweza kuwekwa kwa vyombo vya mkono bila umeme. Njia hiyo ya kukwangua uozo kwa mkono na kuziba ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na hadi leo ndiyo inayofaa zaidi kwa skuli za mashamba. Udhaifu wake ni kulika, hasa kwenye tobo linaloshika pande mbili au tatu. Kompositi nyeupe ni imara zaidi na inafanana na jino, ila haisamehe mate: pakilowa wakati wa kubandika, ukingo utavuja na uozo kurudi. Amalgamu inavumilia unyevu na inadumu, lakini ina zebaki, na nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata wa 2013 zinaipunguza. Haitakiwi kwa watoto chini ya miaka 15 wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari aone hapana budi.

Kukata kiini cha juu na kuacha kilichomo mizizini ni njia ambayo wagonjwa wengi hawajaisikia. Sehemu iliyovimba ndani ya chumba huondolewa, pamba yenye hipokloriti, dawa ya kuua vijidudu, hukandamizwa, na damu ikisimama ndani ya dakika chache huwekwa saruji ya kalsiamu silikati juu yake na jino likajengwa. Inafanyika kwa kikao kimoja na inaacha jino likiwa na uhai mizizini. Kwa mgonjwa anayevuka bahari ilistahili kujaribiwa kwanza, na ilijaribiwa.

Kung'oa na kuacha pengo ndiyo rahisi kwa siku ya leo. Dakika ishirini, sindano moja, mtu anarudi kwao. Hesabu yake huja baadaye: gego la nyuma huinamia kwenye pengo, la juu lililokosa mwenzake huteremka, chakula hujikusanya pembeni mwa yote mawili, na mfupa wa pengo hunywea, zaidi katika miezi sita ya mwanzo. Kwa mwalimu huyu, ambaye kushoto kuna pengo tayari, kung'oa kulia kungemwacha bila upande wa kutafunia pweza wala muhogo.

Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ni nafuu na hayagusi meno jirani, lakini kwa jino moja la nyuma wengi huyavua na kuyasahau kabatini. Daraja, yaani jino la bandia linaloshikwa na meno mawili ya pembeni, hupendeza, ila lingetaka kusaga meno mawili mazima ili kubeba moja lililotoka; kwa mtu ambaye majirani hao yana vizibo vikubwa daraja lina maana, kwake lilikuwa hasara. Kipandikizi cha titani hakigusi jirani, lakini kinataka picha ya pande tatu ili skrubu ikae angalau milimita 2 juu ya mfereji wa neva ya taya, kisha takriban miezi mitatu mfupa ushikane nayo kabla ya kuwekewa jino juu. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huharibu kazi hiyo. Ni njia nzuri kwa jino lililokwisha, na kisukari chake hakipo, lakini kipandikizi kisiwe kisingizio cha kung'oa jino linaloweza kusimama.

Ikabaki mzizi, yaani kutoa kiini chote na kusafisha na kujaza mifereji yake, kisha kofia. Na hapa ndipo panapouma, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote hutokea hapa: mgonjwa hulipia mzizi, maumivu yakaisha, kofia akaiahirisha mpaka "mambo yakae sawa". Jino lililotolewa kiini limetobolewa paa lake, kuta zimebaki nyembamba, na kila tonge linazisukuma zitanuke. Uchunguzi wa kumbukumbu za bima za Marekani uliotolewa 2004, wenye meno zaidi ya milioni 1.4 yaliyotibiwa mizizi, ulikuta asilimia 97 yako bado kinywani baada ya miaka minane. Katika machache yaliyong'olewa, asilimia 85 hayakuwa yamevishwa kofia. Kwa hiyo mgonjwa asiulize "mzizi bei gani". Aulize: mzizi, kujenga, na kofia hadi inagandishwa, jumla kiasi gani, na mara ngapi nitapanda boti? Kama jumla hiyo haiwezekani mwaka huu, ni bora aambiwe wazi siku hiyo hiyo, na kung'oa kuzungumzwe bila kumwonea haya. Kulipia nusu na kupoteza jino lote ndiko kunakomuumiza mtu mara mbili.

Mwalimu alipiga hesabu na mumewe kwa simu, wakakubaliana. Alifikia kwa nduguze Jang'ombe, kwa hiyo kazi ikapangwa siku mbili mfululizo, kisha safari moja tu ya kurudi.

Siku ya kwanza

Ganzi ya taya: lignokeini asilimia 2 yenye adrenalini. Baada ya dakika kumi mdomo na ulimi vikafa ganzi kabisa, lakini mashine ilipogusa dentini, tabaka la ndani la jino, akainua mkono. Hili ni la kawaida kwa kiini kilichovimba. Neva zake zimechachamaa na dozi inayotosha jino lingine haitoshi hapo. Mgonjwa asiambiwe "vumilia kidogo". Iliongezwa ganzi nyingine, atikeini asilimia 4, upande wa shavu, wakasubiri dakika tano, baridi ikapimwa tena na haikusikika. Hapo ndipo kazi ikaanza.

Shuka ya mpira ilivutwa juu ya jino na kushikwa na kibanio. Wengine huiona kero. Ndiyo inayozuia mate yenye bakteria yasiingie mizizini na tupa ndogo ya kusafishia mzizi isiangukie kooni, na daktari anayetibu mzizi bila mpira wala kinga yoyote anafaa kuulizwa kwa nini.

Kiini cha juu kilikatwa. Pamba ya hipokloriti ikakandamizwa dakika tano. Mfereji wa mzizi wa nyuma ukakauka, miwili ya mbele ikaendelea kutoa damu nyekundu iliyokoza. Dakika tano nyingine, hali ile ile. Maana yake uvimbe umeshateremka, na njia fupi haifai tena. Kazi ikaendelea kuwa mzizi kamili.

Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mifereji mitatu, miwili mbele na mmoja nyuma, lakini mara nyingi kiasi nyuma huwa na wa nne. Ulitafutwa kwa ncha kali na kioo, haukuwepo. Mfereji uliosahaulika ni sababu kubwa ya mzizi "uliotibiwa" kurudi kuuma. Urefu ulipimwa kwa kifaa cha umeme na kuthibitishwa kwa eksirei yenye tupa ndani: milimita 20 na 20.5 mbele, 21 nyuma, ukisimama nusu hadi milimita moja kabla ya ncha. Kusafisha kulifanywa kwa tupa za kuzunguka na hipokloriti ya asilimia 2.5, sindano ikiwa legevu ndani ya mfereji na kusimama milimita 2 kabla ya mwisho. Ikibanwa na kusukumwa kwa nguvu, dawa hutoka nje ya ncha: maumivu ya ghafla, shavu huvimba na kuvilia damu ndani ya dakika. Mwisho EDTA, dawa ya kuondoa uchafu wa kusaga, asilimia 17 kwa dakika moja, hipokloriti tena, kukausha kwa vijiti vya karatasi.

Mifereji ilikauka, hapakuwa na usaha, kwa hiyo ilijazwa gatapacha, mpira maalumu wa kujazia mizizi, na saruji yake siku hiyo hiyo. Pakiwa na usaha au uvimbe, huwekwa dawa ya haidroksidi ya kalsiamu ndani ya mifereji na kurudi baada ya wiki moja au mbili. Kwa jino kama hili kikao kimoja hakina hasara, na kwa mtu wa Pemba kinamwokolea safari. Kabla ya kuamka kitini jino lilijengwa kwa kompositi mpaka juu, na likapunguzwa kidogo lisigusane na la juu. Kuacha mzizi mpya chini ya kizibo cha muda chembamba ni kufungulia mate mlango. Kizibo hicho kikilazimu, kisipungue milimita 3.

Dawa za nyumbani: ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa sita hadi nane baada ya chakula, na parasetamoli gramu moja, isizidi gramu nne kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito asitumie ibuprofeni bila kuuliza. Kuuma wakati wa kutafuna kwa siku mbili tatu ni kawaida. Antibayotiki hakupewa.

Siku ya pili, na kilichoharibika

Jino lilisagwa kwa ajili ya kofia ya zirkonia, kauri ngumu nyeupe: milimita 1.5 juu, kidogo zaidi ya nusu milimita pembeni, ukingo ukishuka chini ya dawa ya kujengea ili ukae juu ya jino lenyewe. Kofia ya chuma kitupu husagiwa kidogo zaidi na inadumu mno, ila rangi yake haikumridhi. Ya chuma kilichofunikwa kauri ni ya kati, na hatari yake ni kauri kubanduka. Alama ya meno ilichukuliwa ikapelekwa kwa fundi, siku kumi. Kofia ya muda ya plastiki ikabandikwa kwa saruji laini.

Siku ya sita, huko Wete, kwenye shughuli ya harusi, halua iling'oa kofia ya muda. Alipiga simu, na hilo ndilo lililookoa kazi. Kofia ya muda ikikaa nje siku nne tano, jirani husogea kwa unywele na fizi hupanda juu ya ukingo, na ile ya kudumu haikai tena. Aliambiwa aioshe, aikaushe, atie vaselini kidogo ndani, airudishe ikae kama zamani, ale upande wa pili, aivue akilala asije akaimeza. Gundi ya dukani hapana kabisa: inaunguza fizi na inagandisha kofia mahali pasipo pake.

Aliporudi, kofia ilijaribiwa bila ganzi. Jino halina kiini tena, na mgonjwa asiye na ganzi anasema mwenyewe kama kumepanda. Uzi wa meno ulipita pande zote mbili kwa kubana kiasi, karatasi ya rangi ikaonyesha alama nzito mahali pamoja upande wa ulimi, pakasagwa na kung'arishwa. Eksirei ikaonyesha ukingo wa mbele, ule wa milimita moja, umefungwa. Ndipo ikagandishwa, na saruji iliyozidi ikatolewa kwa uzi uliofungwa fundo. Saruji ikibaki chini ya fizi huwa chanzo cha uvimbe ambao mgonjwa hudhani ni mzizi.

Kofia haiozi, lakini ukingo wa jino chini yake unaoza. Dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha 1,450 kwa milioni, mara mbili kwa siku, mojawapo kabla ya kulala na baada ya daku mwezi wa Ramadhani. Kutema bila kusukutua. Uzi au kijibrashi cha katikati ya meno upande wa mbele hasa. Eksirei ya kufuatilia miezi 6 na 12, hata kama hakuna kinachouma. Fizi ikitoa kipele kinachopasuka na kurudi, asisubiri tarehe.

Lililobaki ni pengo la juu kushoto. Gego la chini yake limeanza kupanda, milimita moja kwa kipimo cha leo, na nafasi ya kuweka jino hapo inazidi kupungua kila mwaka linapoachwa. Kwa kuwa majirani wa pengo hilo wote wana vizibo vikubwa vya zamani, hapo daraja linaweza kushinda kipandikizi. Alipewa makadirio ya yote mawili kwa maandishi, jumla ya kazi nzima, arudi nayo Wete wakayapime.